Kumlaza Mfalme

Shemeji yangu alicheza sataranji miaka mingi bila kumaliza mchezo hata mmoja. Najua akisikia nimesema hivi atakuja juu, maana mtaani wanamjua kwa sataranji kama wanavyomjua kwa mkasi. Na aje. Mimi si mtu wa kupaka maneno mafuta. Alishinda mara nyingi, akashindwa mara nyingi, akabishana mara nyingi zaidi, lakini kumaliza hakuwahi.

Kosa si lake peke yake, ni la kazi. Shemeji ni kinyozi. Wanamwita Kitana, kwa kuwa kitana chake hakikai mbali na sikio lake, na cha kuchekesha ni kwamba kichwani kwake mwenyewe hakuna unywele hata wa kusingiziwa. Chumba chake cha kazi kina viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni na benchi la wateja. Kiti kimoja ni chake, cha pili ni cha mwenzake, ambaye wanamwita Mashine. Mashine hajui mkasi na wala haombi kujua. Kwake kila kichwa ni mashine ya umeme: inanguruma kidogo, mtu anapanguswa shingo, wa pili aje. Kitana humzunguka mteja, anakata kidogo, anarudi nyuma, anaangalia, anakata tena. Wenye haraka walikwenda kwa Mashine. Wenye harusi, au waliokuwa wanakwenda kuonana na wakwe, walimsubiri Kitana.

Wasipokuwa na wateja walicheza. Chumba ni kidogo, meza haienei, kwa hiyo ubao wa sataranji waliuweka juu ya mikono ya kiti cha Kitana. Hapo ndipo penye shida. Mteja akiingia anataka kukaa, na akitaka kukaa ubao lazima uondoke, na ukiondoka kete zinateleza zote upande mmoja. Basi wakajiwekea sheria yao. Mteja akivuka kizingiti, mchezo umekwisha papo hapo, na kinachofuata ni hesabu. Kila mmoja anahesabu alichokula. Askari ni moja, farasi tatu, askofu tatu, ngome tano, malkia tisa. Mwenye nyingi ndiye mshindi, na mteja anakatwa nywele huku akisikiliza kesi.

Mfalme hakuwa na hesabu. Mfalme haliwi, na mchezo wao haukuwahi kufika mahali pa kumkosesha njia. Kwa hiyo walikuwa na desturi moja, wote wawili: mchezo ukianza tu, wanamkimbiza mfalme pembeni, nyuma ya askari watatu, ngome ikae ubavuni mwake. Wao waliita kumlaza. "Umeshamlaza wako?" "Nimemlaza zamani, hata ameanza kukoroma." Akishalazwa hakuna anayemgusa tena. Siku moja mteja aliuliza, sasa huyu mkubwa mwenye taji ana thamani gani? Kitana akacheka. "Huyo hahesabiwi, mzee. Huyo analala."

Halafu akalazwa yeye.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida, mteja kitini, shuka shingoni, na mkono wa kushoto wa shemeji ukaachia kitana kikaanguka. Alitaka kukiokota, miguu ikakataa. Mashine anasema aligeuka akamkuta amekaa sakafuni, anamwomba mteja msamaha kwa maneno yanayogongana. Kiharusi, daktari akasema, lakini kidogo, na mmewahi. Wodini mdomo ukarudi mahali pake, miguu ikarudi, maneno yakarudi yote pamoja na yale ya upuuzi. Kilichobaki ni mkono ule wa kushoto, wa kushikia kitana: akiuinua ukiwa hauna pa kuegemea, unatetemeka. Siku ya kumruhusu, daktari alisema apumzike, kisha aanze kazi nyepesi, akiwa amekaa, nusu siku. Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu. Dada yangu naye alikuwepo, lakini yeye alisikia "apumzike", mengine yakapita hewani.

Dada yangu, mke wa Kitana, anasimamia chumba cha kufulia katika nyumba ya wageni. Mtu aliyezoea kuamuru mashuka na watu wa mashuka hawezi kushindwa na mume mmoja. Alimweka kwenye kochi la sebuleni, mto mgongoni, mto chini ya mkono, blanketi magotini hata jua likiwaka. Mlango ukigongwa, asiufungue. Ndoo ya maji asiisogeze. Chai aliletewa ikiwa imeshakorogwa sukari, kijiko kimeondolewa, utadhani kijiko nacho kina uzito. Binti yao mkubwa, ambaye anafanya kazi duka la dawa, alipita kila jioni na kipimo cha presha, akamkaba baba yake mkono, akasoma, akaguna kama hakimu. "Baba, wewe kaa tu. Sisi tupo." Mwamba ngoma huvutia kwake, na wale wawili walivuta pamoja. Ngoma ilikuwa Kitana.

Mimi niliitwa kulinda. Ni mdogo wake dada, nimestaafu uhudumu wa hospitali, naishi nyumba ya pili, kwa hiyo machoni pa dada yangu sina kazi.

"Mdogo wangu, kaa naye asubuhi nikiwa kazini," akaniambia. "Akitaka kutoka, zungumza naye. Akizidi, nipigie."

Nikaenda. Nikamkuta mtu ninayetaniana naye tangu alipokuja kuposa, amekaa kama mzigo unaosubiri mwenyewe aje auchukue. Nilihuzunika. Nasema wazi, nilihuzunika kuliko nilivyohuzunika wodini, maana wodini alikuwa anapambana.

Mashine ndiye aliyeleta ubao, akauacha na kopo la kete, akarudi mbio kwa wateja wake. Kitana akaupanga juu ya blanketi, akaniangalia kwa mashaka.

"Shemeji, unajua kucheza?"

"Nimecheza wodi ya mifupa."

Hilo halikuwa jibu la mzaha. Miaka yangu ya mwisho kazini niliwahudumia watu waliovunjika mapaja, wametundikwa miguu kwa kamba na vyuma vya uzito, hawana pa kwenda. Wale hawaharakishwi na mteja. Mchezo ukianza asubuhi utamalizika tu, hata kama ni baada ya chakula na dawa. Na mimi nilikuwa naitwa mwishoni, pale mmoja wao anapopelekwa kupigwa picha na mwenzake hataki kuvunja mchezo: dada, njoo umalizie wa huyu. Kwa hiyo mwanzo wa sataranji siujui sana. Mwisho naujua.

Mchezo wetu wa kwanza alinionea kwelikweli. Alimlaza mfalme wake upesi, akanila askari mmoja kabla sijakaa vizuri, akawa anapiga mluzi. Tukaliana farasi, tukaliana maaskofu, ngome zikaenda, malkia wakaenda. Wakabaki wafalme wawili na askari, yeye akiwa na mmoja zaidi. Akaegemea mto wake.

"Haya, tuhesabu."

"Tuhesabu nini? Nani ameingia?"

Akageuka kuangalia mlango. Hakuna aliyeingia. Akaurudia ubao, akaukodolea macho kama mtu aliyepitiliza kituo chake.

"Sasa tunafanya nini?"

"Tunaendelea, shemeji. Mchezo haujaisha."

Nikamtoa mfalme wangu pembeni. Hatua moja, nyingine.

"Huyo utamuua," akasema.

"Nani wa kumuua? Malkia wako yuko kwenye kopo."

Akasukuma askari. Mfalme wangu akafika katikati, akazunguka nyuma ya askari wake, akala mmoja, akala wa pili. Mfalme wa Kitana alikuwa bado amelala pembeni. Alipokuja kumwamsha, askari wangu alikuwa ameshafika mwisho wa ubao na kugeuka malkia.

"Lakini nilikuwa mbele!" Alichukia, na nilifurahi kumwona amechukia. "Nilikuwa mbele kwa moja."

"Ulikuwa mbele kwa askari mmoja. Mimi nilikuwa mbele kwa mfalme mzima."

Nikamweleza kama nilivyoelezwa na fundi wa paa, mgonjwa wangu wa wodi ile, aliyeanguka akavunjika paja na kukaa nasi mpaka akajua majina ya watoto wetu. Yeye alisema mfalme ana thamani mbili. Ya kwanza haihesabiki, kwa sababu akienda yeye mchezo umekwenda, hata kama kete zako zote zimesimama. Ya pili ni ya kazi. Wale wenye nguvu wakishaondoka ubaoni, mfalme naye ni mchapakazi: anakula, anazuia, anawasindikiza wadogo. Kwa kazi hiyo wapo wanaomhesabu nne. Anampita farasi, hamfikii ngome.

"Nne," Kitana akasema.

"Ndiyo, nne."

"Na sisi miaka yote tumemlaza." Akamchukua mfalme wake, akamgeuzageuza kwa mkono wa kulia. "Nne, shemeji, si haba."

Kesho yake akafanya kosa la mwanafunzi. Alimtoa mfalme matembezini wakati malkia wangu bado yuko ubaoni, akaja naye mpaka katikati, kifua mbele. Nikamkosesha njia hata chai haijapoa. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

"Nne si tisa, shemeji! Kuna saa ya kulala na kuna saa ya kutoka."

"Na saa yenyewe anaijua nani?"

Nilitaka kumtania tena, nikaona hataniwi. Alikuwa anaangalia mkono wake wa kushoto, uliokuwa umelala juu ya mto. Akauinua. Ukatetemeka. Akaurudisha.

"Daktari alisema nusu siku," akasema. "Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi si mimi ninayeota."

Tukaendelea hivyo. Siku hadi siku alijifunza kusubiri, akajifunza kumwamsha mfalme kwa wakati, na akaanza kunifunga. Asiyekubali kushindwa si mshindani, kwa hiyo nilikubali, ila kwa kelele. Nikawa nadhani ubao umemtosha. Kumbe mwenzangu alikuwa anajipima.

Jioni moja Mashine akaja. Dada alikuwa amerudi, binti alikuwa ameshamaliza kumkaba baba yake mkono. Mashine akakaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini, akamgeukia dada yangu, maana alijua serikali ya nyumba ile iko wapi.

"Mama, nimekuja kwa suala la kiti. Kuna kinyozi mmoja anakitaka. Mtu mpole, mkono mwepesi. Nimemwambia asubiri kwanza nimuulize kaka. Lakini peke yangu nimechoka, watu wa mkasi wanakuja wanarudi, na yeye kesho anataka jibu. Nikimpa, nimempa. Siwezi kuja kumfukuza baadaye."

Dada hakuyaacha maneno yatue. "Mpe. Mzee anapumzika."

"Kweli kabisa," binti akasema. "Baba hawezi kusimama kutwa. Mpe tu huyo."

Mashine akawa anaikunja kofia yake. Kitana akaweka kikombe chini.

"Mimi sijaulizwa."

"Baba watoto, usijichoshe," dada akasema.

"Nimesema sijaulizwa." Hakupandisha sauti. "Mnanitunza, nashukuru. Mnanifunika, nashukuru. Lakini tangu nirudi hospitali hakuna anayenihesabu. Ndoo ikibebwa simo. Mlango ukifunguliwa simo. Leo kiti changu kinagawiwa, na mimi nipo hapa nakunywa chai. Mimi nina nne. Si nyingi, najua. Lakini ni zangu."

Binti akaniinamia sikioni. "Mama mdogo, nne gani? Presha?"

"Sataranji. Nyamaza."

Nilidhani dada atamfokea, kama ilivyo kawaida yake. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka sikuwahi kuisikia.

"Unafikiri nimekuweka hapo kwa sababu huna maana? Mimi nilikuona mdomo umepinda, unaniangalia, unataka kuniita na huwezi. Nilirudi hapa kukuchukulia nguo, nikakaa kitandani upande wako, nikashindwa kunyanyuka. Nyumba ilikuwa ipo, watoto wapo, kazi yangu ipo, hakuna kilichopungua. Na mimi nikaona imekwisha. Ukienda wewe, kwangu mimi imekwisha. Wewe unanihesabia nne! Sizitaki nne zako. Mimi nataka uwepo tu."

Dada yangu hajui hata farasi anarukaje. Hakukaa na ubao siku moja, na fundi wa paa hakumjua. Lakini ile thamani ya kwanza aliisema yote, kuliko nilivyoweza kuieleza mimi. Binti alikuwa analia. Mimi nilijisingizia kikohozi.

"Nipo," Kitana akasema. "Lakini kuwepo kwa kulazwa, mke wangu, nako kunamaliza. Nakwisha polepole hapa na wewe umenishika. Na usidhani siogopi. Naogopa sana. Mkono huu ukimgusa mteja sikio, mimi mwenyewe nitakirudisha kiti, hakuna wa kuniambia."

Dada akafungua kitambaa cha kichwani, akajifuta nacho macho, akabaki kichwa wazi, nywele za mvi na nyeusi zimesimama kila upande. Akavuta kigoda, akakiweka mbele ya kochi, akakaa akimpa mumewe mgongo.

"Haya. Kama ni kutetemeka, utetemekee kwangu. Ukinikata, kiti apewe yule mpole. Usiponikata, tutaongea."

"Mama!"

"Niletee mkasi wa baba yako, acha kunipigia kelele."

Mashine, Mungu ambariki, akaingiza mkono kwenye mfuko wake. "Mimi ninayo mashine hapa, kama itasaidia..."

"Irudishe!" wakasema mume na mke kwa pamoja.

Wanasema kinyozi hajinyoi. Huyu hata mkewe hakuwahi kumnyoa. Dada alikuwa na msusi wake na hakutaka mkasi umkaribie. Kitana akasogea mpaka ukingoni mwa kochi, blanketi likaanguka na hakuna aliyelirudisha. Akashika kitana kwa mkono wa kushoto, akauinua. Ukatetemeka, kitana kikawa kinachezacheza juu ya kichwa cha dada bila kutua. Dada alikuwa amefumba macho. Niliona kidole gumba chake kimeng'ang'ania upindo wa gauni.

Kitana akaushusha mkono. Nikasema moyoni, basi, imekwisha. Lakini hakuuondoa. Aliulaza mzizi wa kiganja juu ya utosi wa mkewe, akauacha hapo, kama anampa baraka. Akasubiri. Mkono ukatulia. Ukiwa na pa kuegemea, ulitulia kabisa. Kitana kikaingia kwenye nywele, mkasi ukalia, kishungi cha kwanza kikaanguka begani.

Akakata taratibu, mwenda pole hajikwai. Kila anapohama, anatafuta kwanza pa kuegemeza mkono: bega, kisogo, shavu. Hakuwahi kumshika mtu hivyo kazini. Alipofika kwenye sikio, binti alinishika mkono wangu akaubana hadi ukaniuma. Ncha ya mkasi ikazunguka nyuma ya sikio, ikatoka. Akamgeuza dada kichwa kwa vidole viwili, akafanya upande wa pili. Mashine alisimama, akasogea, akawa anaangalia kwa jicho la kazi.

"Kaka," akasema mwishoni, "kisogo umekinyoosha."

Dada akashika sikio moja, akashika la pili. Akaomba kioo, akajiangalia mbele, akajiangalia pembeni.

"Umeniacha mrefu upande huu."

"Kichwa chako ndicho kilichopinda huko. Nimekificha."

Dada akamtazama mumewe kwenye kioo. Kisha akamwambia Mashine, bila kugeuka: "Huyo mpole mwambie atafute kwingine. Mzee atakuja nusu siku. Na akae, asisimame. Nikisikia amesimama, nawafuata wote wawili."

"Sawa, mama," Mashine akasema, akavaa kofia yake upesi kabla neno halijabadilika.

Nywele zilikuwa zimetapakaa sakafuni. Nikachukua ufagio. Kitana akaninyang'anya, akasema kinyozi hufagia mwenyewe. Akaanza kufagia kuzunguka kigoda, mkono wa kulia ukishika juu ya mpini na wa kushoto ukifuata chini, kisha akainama mpaka sakafuni kukusanya nywele za mkewe kwenye gazeti. Dada alikuwa amesimama hapo hapo, anamwangalia anavyoinama. Nilijua anataka kusema nini. Hakusema.